Ampli ya Taa Haiwashwi Bila Mzigo

Nakumbuka ile Jumamosi ya kwanza ya kiangazi, saa tatu asubuhi, nilipokuwa nimeingiza kichwa na mabega ndani ya sanduku la spika, nikipaka gundi kwenye pembe ambazo mkono mnene wa Diomede haukuweza kuzifikia. Diomede alikuwa seremala kijana wa mtaa wa Musaga, nami nilikuwa mwanafunzi wa fizikia, mwaka wa tatu. Kwa miezi minne tulikuwa tukijenga, uani kwao, mtambo wa muziki wa rege wa mtindo wa zamani: masanduku marefu kama kabati, besi peke yake chini, sauti za kati juu yake, sauti nyembamba kileleni, na platini moja tu ya kuchezea santuri.

Mwanangu, siku hizi vijana mnapanda hadi kwangu Carama kuniuliza vipimo vya masanduku kama yale, nami nawapa. Nayajua vizuri na sina sababu ya kuyaficha. Tumia triplex nene, yaani ubao wa tabaka zilizogandishwa, gundi kila ukingo, skrubu kila upana wa vidole vinne, na mbao za kukaza ndani ili ukuta usitetemeke. Ukimaliza, ligonge sanduku kwa kifundo cha kidole. Likikujibu kama ngoma, rudi kazini. Sanduku zuri likigongwa hunyamaza, kwa sababu kuimba ni kazi ya spika, si ya mbao. Hayo nimewaambia wengi. Yapo mengine ambayo sijamwambia hata mmoja wenu, na umri nilio nao sasa haunipi tena ruhusa ya kuyanyamazia.

Moyo wa mtambo wetu ulikuwa ampli ya zamani, ile mashine ya kukuza sauti ambayo ndani yake hamna vipande vidogo vya kisasa bali taa za kioo zinazowaka rangi ya kaa la moto. Haikuwa yetu. Ilikuwa ya Mwalimu Silvestri, mstaafu wa Rohero aliyependa santuri kuliko chakula, naye alituazima kwa sharti moja: kwanza ipite mikononi mwa Mzee Shabani, fundi redio wa Buyenzi. Mzee Shabani akaifungua, akabadilisha kapasita zilizozeeka, akaifuta kwa kitambaa laini kama anayemfuta mtoto uso. Siku niliyokwenda kuichukua alinishika mkono.

“Goreti, sikia vizuri. Iyi mashine usiiwashe bila kufunga bafle, izi spika. Ata dakika moja. Inataka mzigo. Bila mzigo inajichoma yenyewe.”

“Ndiyo, Muzee.”

“We unasema ndiyo, na macho yako iko mu njia.”

Alisema kweli. Macho yangu yalikuwa njiani na masikio yangu yalikuwa chuoni. Ampli za maabara yetu zilikuwa za kisasa, nazo ukiziwasha bila spika hukaa tu, hazidhuriki. Nikajiambia kwamba mzee huyu anajua kuchomelea waya, lakini darasani hakukaa. Mwanangu, kuna ujinga wa kutosoma, nao una dawa. Ujinga wa aliyesoma kitu kimoja akadhani amesoma vyote ndio unaosumbua waganga.

Basi, Jumamosi ile Diomede alikuwa amechomoa nyaya za spika ili tugeuze masanduku na kuyapaka gundi. Ampli ilikaa juu ya meza ikinitazama. Nilitamani kuona taa zake zikiwaka, na zaidi nilitamani kuona ile sindano ndogo ya kipimo ikicheza. Nikaiwasha. Nikaweka santuri, nikafungua sauti hadi nusu. Sindano ikacheza.

Diomede akaja, akainamisha sikio. “We enjenyeri, iyi kitu inakula umeme na haiimbi. Tuiitie padri?”

“Watu wa triplex hamuelewi. Iko inapata moto kwanza.”

“Sawa. Mi naenda kutafuta skrubu. Nikirudi ikuwe imejifunza kuimba.”

Alipotoka nikasikia ndani ya chuma wimbo mwembamba kama wa nyuki aliyefungiwa chupani. Nikafurahi, nikadhani ni maajabu ya mashine za kale. Kisha ikaja harufu ya vanishi inayoungua, kisha mlio mmoja mkavu, na taa zikabaki zinawaka huku sindano imelala. Nikazima. Nikawasha tena. Sindano haikuamka. Diomede aliporudi na skrubu zake nilimwambia imezimika yenyewe, naye akaniamini, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Kesho yake, baada ya misa, Mwalimu Silvestri alikuja kusikiliza mtambo, amevaa koti lake la sherehe. Tulipoiwasha, haikutoa sauti hata kidogo. Akauliza nani aliyeifungua mashine mara ya mwisho. Diomede, bila hila yoyote, akajibu, “Ni Muzee Shabani, juma lililopita.” Mwalimu akanigeukia mimi.

“Goreti, wewe unasomea mambo haya. Yawezekana ni kazi yake?”

Nikasema, “Yawezekana, Mwalimu.”

Ni maneno mawili hayo, mwanangu, na hayakuchukua hata pumzi moja. Wahenga walituonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika, nilimvunja mwenzangu. Mwalimu Silvestri alikuwa mtu wa watu, na hakuwa mtu mbaya: alidhani anawasaidia rafiki zake. Akawaambia wa kwenye duka la vitambaa, akawaambia wa kinyozi, akawaambia wazee wenziwe waliokaa naye kila jioni, kwamba Shabani amezeeka, mkono wake si ule tena, na hata binti wa chuo kikuu amethibitisha.

Wiki ya tatu Mwalimu alinituma niirudishe mashine Buyenzi ili fundi arekebishe alichoharibu. Nilifika saa nne asubuhi. Rafu ya Mzee Shabani niliijua: daima ilijaa redio zilizofungwa karatasi zenye majina ya wenyewe, zimebanana kama abiria. Siku ile ilikuwa na redio moja, na ilikuwa yake mwenyewe.

“Weka apa,” akasema. Akafungua skrubu nne, akainusa mashine, akasogea kando. “Njoo unuse na we.”

Nikanusa.

“Inanuka nini?”

“Vanishi, Muzee. Imeungua.”

“Kapasita ikikufa inanuka ivyo?”

“Apana, Muzee.”

Akaanza kutoa transfoma, kile chuma kilichozungushiwa waya wa shaba uliopakwa vanishi. Nikamuuliza tangu lini amejua.

“Tangu uliingia apa. Ulikuwa umeibeba kama mutu anabeba maiti.”

“Na mbona hukumwambia Mwalimu?”

“Nimwambie nini? Fundi akishaitwa mubaya, kila kitu anasema ni kujitetea.” Aliweka bisibisi chini. “Mi naweza kutengeneza ampli, mutoto wangu. Ile neno yako siwezi kuitengeneza. Haina skrubu.”

Alinipa kazi. Kwa siku tatu alisokota waya wa shaba upya kuzunguka kile chuma, mzunguko juu ya mzunguko, mwembamba kama unywele, nami nikihesabu kwa sauti. Nikikosea hesabu tulifungua na kuanza tena. Hakunigombeza hata mara moja. Alisema tu, “Anza,” na mara ya pili aliposema hivyo nilitamani angenichapa.

Siku ya nne Diomede alileta masanduku mawili kwa mkokoteni, akayasimamisha mbele ya kibanda huku akiwaambia wapita njia kwamba amehamisha nyumba. Nilidhani tutapiga rege. Mzee Shabani akatoa kanda ya zamani kutoka ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ilikuwa sauti ya marehemu mkewe, Zaituni, aliyoirekodi siku moja akijaribu kinasa sauti cha mteja, bila mama yule kujua: “Shabani, acha izo maredio, ugali unapoa. Utakula izo waya?” Ndiyo tu. Kwa kanda hiyo alipimia kila mashine iliyopita mikononi mwake.

Tulipoicheza mara ya kwanza alitikisa kichwa. “Apana. Uyu ana mafua.” Tukapunguza besi. “Uyu anaongea mu pipa.” Diomede akaongeza pamba ndani ya sanduku la sauti za kati. “Uyu ni dada yake.” Tukainua zile nyembamba kidogo, kidogo tena, tukazirudisha nusu. Ilikuwa karibu adhuhuri Zaituni alipomwita tena mumewe aje kula. Mzee Shabani alivua kofia yake, akaishika mapajani.

Hapo ndipo nilipojifunza maana ya sauti safi. Ukubwa wa sauti hupatikana kwa mtu yeyote mwenye umeme. Usafi ni pale mtu anapomtambua mtu wake. Tangu siku hiyo, kabla sijapiga santuri yoyote, nauweka mtambo mbele ya sauti ya mtu ninayemfahamu, na nasubiri mpaka awe yeye. Besi iliyojengwa juu ya msingi huo itaushika moyo wa msikilizaji, na maneno ya mwimbaji hayatazama ndani yake.

Diomede alipokwenda kuaga majirani, Mzee Shabani alifunika mashine kwa kitambaa.

“Mashine imesema kweli,” akasema. “Bado we.”

Nilikwenda Rohero mara mbili, na mara mbili niligeuka mbele ya lango la Mwalimu. Kisha nikaelewa kwamba hata ningeingia, neno la mdomo lingebaki pale barazani, ilhali lile la kwanza lilikuwa limekwisha kutembea mji. Kilichotembea hufuatwa na kitu chenye miguu. Nikaandika barua.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na uichukue yote. Jenga kwa mbao nzuri, usione haya ya kununua chache na kungoja nyingine. Msikilize fundi ambaye hakusoma ulichosoma, maana naye amesoma ambacho wewe hukusoma. Ukiunguza kitu, sema siku hiyohiyo, harufu ikiwa bado chumbani. Mficha uchi hazai, na mficha kosa humzalisha mwenzake aibu. Jina la fundi ndilo karakana yake. Ukiibomoa kwa neno, usidhani utaijenga kwa majuto ya moyoni. Toka, uijenge mbele ya walioiona ikianguka. Na kama umekwisha kukosea, usikate tamaa, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: baada ya yote haya Mzee Shabani alinifundisha kwa miaka tisa.

Mungu akupe mikono mitulivu na sikio lisilojipendekeza. Akupe mwalimu atakayekwambia “Anza” bila kukuchoka, na akujalie siku moja ujenge kitu ambacho watu watasimama mbele yake na kuwatambua wapendwa wao.

Nakala ya barua ile ninayo. Niliituma wiki ya tano baada ya ile Jumamosi, na hivi ndivyo ilivyosema:

“Kwa Mwalimu Silvestri, mpendwa na mheshimiwa.

Ampli yako sasa ni nzima, nawe utaisikia. Haikuharibiwa na Mzee Shabani. Niliiharibu mimi, kwa kuiwasha bila spika, jambo ambalo yeye alinikataza na nikampuuza. Uliponiuliza kama yawezekana ni kazi yake, nilijibu kwamba yawezekana, huku nikijua kwamba haiwezekani. Yeye alijua ukweli wakati akiitengeneza, na hakunitaja kwako.

Sikuombi unifichie. Nakuomba kinyume chake. Nimeandika nakala saba, kwa mwandiko unaosomeka. Tafadhali zipeleke kwenye kila baraza ulikokaa ukataja jina lake, nazo zisomwe kwa sauti, pamoja na jina langu lote lililo hapa chini. Kama saba hazitoshi, niambie idadi, nitaandika nyingine.

Kesho asubuhi nitakuwa Buyenzi, nimeketi kwenye benchi lake. Nimekusanya redio mbovu za majirani zetu wote wa Musaga ili yeye azitengeneze, na Diomede atazileta kwa mkokoteni. Njoo na yako.

Mimi, Maria Goreti, niliyesema uongo.”