Chuma cha Bibi juu ya Moto wa Gesi

Wiki iliyopita mafundi walikuja nyumbani kwetu Sib, pembeni mwa Maskati, kutandika bomba la gesi. Mpira wa mtungi ulikuwa umekakamaa, na mimi nimechoka kulingojea gari la gesi juani. Nilikuwa uani nikiwamiminia chai walipotoka na jiko letu kuukuu, na fundi mmoja, mtu wa Tanga, akaniuliza, "Mama, na hiki chuma tukitupe?" Nilimpokonya mkononi bila hata kumjibu. Maskini, aliruka nyuma, kisha tukacheka wote wawili.

Ni kipande tu cha chuma, rafiki yangu. Mviringo, kipana kuliko sahani, cheusi tii, kimepinda upande mmoja. Ukikiona hutakiokota. Lakini kaa nikuhadithie, maana bila chuma hiki bibi yangu angenyang'anywa jiko lake.

Tulipohamia nyumba hii kutoka Unguja, nikiwa mtoto, jikoni alitawala bibi, mama yake baba. Alipikia jiko la mafuta ya taa, lile la tambi nyingi zilizopangwa duara. Kazi ya tambi ilikuwa yangu. Baada ya sala ya alasiri nazikata ncha zilizoungua, najaza mafuta kwa faneli, nafuta masizi kwa gazeti. Harufu ya mafuta ya taa iliniganda kwenye nywele hata mwalimu wetu wa Kiarabu akawa ananusa akipita karibu yangu, akiuliza kama kwetu kuna duka la mafuta. Wenzangu walicheka. Mimi sikujali, kwani nikirudi nyumbani nilikuta mkate wa ufuta.

Mkate ule, kama hujawahi kuupika, una inda. Unga unakandwa kwa tui na hamira mpaka uwe laini wa kunata. Kikaango kinapashwa moto, kinanyunyizwa maji ya chumvi ili mkate ushike, unga unatandazwa kwa mkono uliolowa, ufuta unamwagwa juu. Ukishika chini, unakipindua kikaango kizima kichwa chini, uso wa mkate uutazame moto. Unguja bibi aliupindulia kwenye makaa. Maskati, ili moshi wa mafuta usiuguse mkate, aliweka chuma hiki juu ya jiko, kikawaka hadi kuwa chekundu, akapindulia hapo.

Mchana mmoja tambi zikalipuka na pazia la dirisha likashika moto. Mama aliuzima kwa blanketi lililolowa. Baba aliporudi kazini akautazama ukuta mweusi, akamtazama mama yake.

"Khalas, mama, basi. Kesho nnaleta gesi. Na wewe pumzika sasa, macho yako si yale. Umepika vya kutosha."

"Gesi ilete," bibi akasema. "Kupumzika ntapumzika kaburini."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana hivi: Ramadhani ilikuwa karibu kuingia, na mpaka siku hiyo bibi awe anaweza kupika kila kitu kwa gesi, peke yake. Akishindwa, jiko ni la mama, naye atakaa sebuleni aletewe sahani. Baba alisema hivyo kwa mapenzi, najua. Ila kwa bibi, kukaa kungojea sahani ndiko kuzeeka kwenyewe.

Jiko la zamani likatolewa, mtungi ukaingia. Bibi aliuogopa kama kitu kilicho hai. Alijifunza kwa kusema kwa sauti, "Kibiriti mwanzo, gesi baadaye," na moto ulipofanya "fuu!" alipiga bismillahi kubwa hata jirani yetu, mama wa Kibalushi, akawa anaitikia nyuma ya ukuta. Alinusa mpira, alikagua koki, alirudi kuikagua tena. Kwa siku chache wali ukaiva, mchuzi ukaiva, hata maandazi yakatoka. Mimi nikajua tumeshinda.

Halafu ukaja mkate wa ufuta. Wa kwanza ulidondoka kwenye moto ukauzima, na bibi akaruka kufunga koki. Wa pili uliungua katikati, pembeni mbichi. Baba alikuja akasimama mlangoni, akautazama mkate ulioungua. Ramadhani ilikuwa kesho yake.

Bibi akakaa juu ya mbuzi ya nazi. Kisha akauliza, "Chuma changu ki wapi?"

Baba akajikuna shingo. Alidhani ni sehemu ya jiko bovu, amekitupa pamoja nalo kwenye pipa la taka la baladia mwisho wa mtaa. Bahati gari la taka lilikuwa bado halijapita.

"Yallah, vaa viatu," bibi akaniambia.

Tulikwenda jua la utosi. Bibi akalifunga buibui lake kiunoni, akainama ndani ya pipa mpaka nikaona nyayo zake tu. Mama wa Kibalushi akatoka na fimbo akidhani ni mbuzi. Alipomtambua akashika kifua: "Ya hajja! Umepoteza nini humo?"

"Sikupoteza," bibi akajibu kutoka ndani. "Nimetupiwa!"

Akaibuka nacho, ganda la tikiti begani, uso umejaa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Tukakisugua kwa mchanga na limau. Kesho yake magharibi ilipokaribia akakiweka juu ya moto wa gesi, akangoja kiwe chekundu, akapindua. Mkate ukashika. Ufuta ukaanza kulia taratibu. Nilikuwa nimefunga kwa mara ya kwanza, na mpaka leo sijanusa kitu kitamu zaidi.

Baba alifuturu, akachukua kipande cha pili. "Kumbe gesi nayo inaweza, mama."

"Gesi haijui kitu," bibi akasema. "Kula."

Jiko likabaki lake mpaka alipofariki. Mama naye amemfuata, baba pia. Mama wa Kibalushi alihama, pipa liliondolewa, na wanangu mkate wa ufuta wanaununua madukani Khuwair, umefungwa kwenye plastiki. Harufu ya mafuta ya taa hawaijui, na nikiwasimulia wanakunja pua.

Mafundi walipoondoka nilikanda unga. Sikuwahi kuupika mkate ule mwenyewe, kila mara alikuwepo wa kunipikia. Wa kwanza niliupindua kwa pupa ukadondoka juu ya chuma, nami nikalia palepale, mtu mzima na ndevu za unga. Nikafunga koki, nikasafisha, nikakanda tena. Kibiriti mwanzo, gesi baadaye. Nikakingoja chuma kiwe chekundu, nikapindua.

Ukashika. Nikapiga bismillahi kwa sauti kubwa, nikatega sikio ukutani. Hakuna aliyeitikia.