Wali Mkavu wa Budha

Mama yangu ni Mkatoliki wa milimani, wa kule Mbulu, na hajawahi kumwona mtu akila wali bila mboga akanyamaza. Hiyo ndiyo asili ya yote yaliyotokea nyumbani kwangu Bagara, mjini Babati, mwaka ule nilipompangisha chumba cha uani dada mmoja kutoka Sri Lanka.

Dada huyo alikuja Babati kukagua mbaazi. Wanunuzi wa kwao walikuwa wanachukua mbaazi zetu, naye kazi yake ilikuwa kuzamisha mkono kwenye gunia na kutafuta mawe, wadudu na ujanja wetu. Kiswahili alijifunzia Dar es Salaam, kimenyooka kama cha taarifa ya habari. Alisema shikamoo kwa kila aliyemzidi umri, jambo ambalo wanangu hawalifanyi mpaka wakumbushwe.

Mama naye nilikuwa nimemleta baada ya kumzika baba. Nilitaka akae nami moja kwa moja, kwa sababu presha ilikuwa inampanda na kule nyumbani angebaki peke yake. Yeye hakutaka. Mfuko wake ulikaa umefungwa kando ya kitanda, na kila asubuhi aliuliza magari ya Mbulu yanaondoka saa ngapi, utadhani ratiba hubadilishwa usiku. Nikimuuliza shida ni nini, jibu lilikuwa moja.

"Baba yako amelala pale nyuma ya nyumba. Asubuhi nani anamsalimia?"

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimjibu kwamba marehemu hahitaji salamu, anahitaji misa, na misa imeshasomwa. Mama alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyeunguza chai.

Sasa, chumbani kwa mpangaji kulikuwa na meza ndogo yenye kitambaa cheupe, na juu yake sanamu ya Budha, amekaa amekunja miguu, ametulia kuliko mtu yeyote wa nyumba ile. Kila asubuhi dada aliweka maua mbele yake, akawasha taa ya mafuta na vijiti vya udi, akaweka glasi ya maji na kisahani cha wali. Kisha alipiga magoti, akaunganisha viganja na kuinama mpaka paji la uso likagusa sakafu, akainuka, akainama tena. Mama alipomwona kwa mara ya kwanza, mlango ukiwa wazi, alinifuata jikoni.

"Kamsaidie mwenzio. Amedondosha kitu."

Nilimweleza kuwa ile ni ibada. Alielewa upesi, maana mtu anayepiga magoti mama humheshimu bila kumuuliza dhehebu. Kilichomkera ni kisahani.

"Huyo mzee wake anakula wali mkavu," alisema. "Jana mkavu, leo mkavu. Hata kama ni sanamu, yuko kwenye nyumba yetu. Watu watasema nini?"

Nilicheka, nikarudi kwenye cherehani yangu. Laiti ningejua. Mama akishafika kwenye "watu watasema nini," ujue sufuria iko motoni tayari.

Kesho yake dada alitoka kuoga akakuta kando ya kisahani bakuli la mbaazi zilizoungwa vizuri na nyanya, zimefunikwa zisiingie nzi, na kipande cha nyama ya mbuzi juu yake. Pembeni kulikuwa na jagi na beseni, ili Budha anawe mikono kabla ya kula.

Akaniita. Nilikwenda nimeandaa samahani kwa mpangaji na maneno makali kwa mama. Dada alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka hata hawezi kusimama. Alipopata pumzi alimfuata mama, akachuchumaa mbele yake.

"Asante, mama. Mboga ni nzuri. Ila nyama hatumpi."

"Ana shida ya meno?"

"Hapana, mama. Hatupendi mnyama afe kwa ajili yake."

Mama alifikiri kidogo. "Basi mbaazi zibaki."

"Mbaazi zibaki, mama."

Tangu siku hiyo mama akapata kazi. Leo mchicha, kesho boga. Maua aliyakata kwenye ua wa jirani, na sikuuliza kama jirani ana habari. Mara moja aliyanusa kabla ya kuyatoa, dada akamweleza kwa upole kwamba ua la kutolewa halinuswi kwanza, harufu yake ni ya mwenyewe. "Kumbe ni kama mtoto anayeonja mchuzi wa mgeni," mama alisema, na hakurudia. Chakula kiliondolewa mezani kabla ya saa sita na kuachiwa ndege. Kuku wetu walilijua hilo mapema kuliko mimi, wakawa wanasubiri mlangoni kwa adabu. Hao ndio waumini wa kwanza Bagara.

Lakini mfuko haukufunguliwa. Akimaliza maua, anauliza magari ya Mbulu.

Ukatimia mwaka tangu baba yake dada afariki. Kwao siku hiyo huwalisha watawa, na thawabu ya chakula humwendea marehemu. Mtawa wa Kibudha Babati utampata wapi? Akamwomba mama apokee yeye.

"Mimi Mkatoliki," mama alisema.

"Wewe ni mzee, mama. Inatosha."

Mama alivaa kitenge cha kanisani, akakaa mkekani. Dada, amevaa nyeupe, alimpakulia kwa mikono miwili akiwa amepiga magoti. Pilipili ilikuwa ya kwao, si ya kwetu. Mama alitokwa na machozi na kamasi, nikamwambia abakize.

"Nikibakiza, si baba yake atapunjwa?" Akamaliza.

Kisha dada aliweka kikombe juu ya sahani, akamimina maji taratibu huku midomo inacheza, mpaka kikombe kikajaa na kufurika.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nampelekea baba thawabu, mama."

"Kaburi lake liko wapi?"

"Kwetu. Ng'ambo ya bahari."

"Na inafika? Kutoka hapa?"

"Inafika, mama."

Mama alikitazama kile kikombe kilichofurika. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilijua anachowaza. Akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Niletee kikombe kingine."

Nilileta. Alimimina mwenyewe, maji yakajaa kikombe, yakajaa sahani, yakatiririka mkekani, na hakuna aliyemzuia. Alianza kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, kisha akahamia Kiswahili ili mwenye shughuli asitengwe.

"Mzee, umeamkaje? Mimi niko Bagara, kwa binti yako. Usinitazamie nyumbani. Nitakuwa nakusalimia kutoka hapa."

Nilikaa chini pale pale penye maji, nikalia. Mama akaniambia niinuke, nisiloweshe gauni.