Nilivyoomba Kazi ya Ukalimani Pale Mwaya

Juzi nilikwenda boma la Mwaya kuomba ukalimani, nitulie nyumbani baada ya miaka mingi ya kuzurura pwani.

"Hakuna nitakayeshindwa kumsemesha," nilijigamba kwa bwana Mdachi, mkuu wa boma.

Ili anijaribu, akamwita ndani mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi nje. Nikasimama wima, nikataja jina langu na la baba yangu kwa sauti, kama tulivyofundishwa misheni. Mwanamke akajifunika uso, akatupa kapu, akakimbilia migombani.

"Mshamba tu, bwana," nikasema.

Askari wa mlangoni akaninong'oneza kwa Kinyakyusa, "Baba, umesahau kwamba kwetu mwanamke hasemi na baba mkwe wake wala hamtazami? Huyo ni mke wa mwanao."

Mdachi akanigeukia. "Amesema nini? Tafsiri."