Sumaku Juu ya Boksi la Disketi

Enzi zetu, kompyuta ilikuwa na heshima kuliko mwalimu wa zamu. Shuleni kwetu, shule ya wasichana upande wa Sotik, ilikuwepo moja tu, ndani ya ofisi ya sekretari. Ilifunikwa kitambaa cha kufumwa kama viti vya sebuleni, na kabla hujaikaribia ulivua viatu vyako vya matope mekundu, ukafuta mikono kwa sketi, ukapunguza sauti. Hawa vijana wanaoingia na simu hadi chooni hawawezi kunielewa.

Mimi nilikuwa kidato cha pili na nilijua kila kitu. Baba alikuwa fundi wa redio soko la Chepilat, na likizo zangu ziliishia kwenye kibanda chake, moshi wa kuchomelea waya machoni, hindi la kuchoma mkononi. Alinifunza kwamba kila skurubu unayofungua uinatishe kwenye sumaku kubwa ya spika iliyokufa, isipotee. Alinifunza pia kwamba, "Skurubu ikibaki, mrudishie mwenyewe redio yake haraka, halafu uombe Mungu." Mama, ambaye tayari alikuwa amepoteza saa ya ukutani na pasi mikononi mwangu, alikuwa na lake: "Kufungua hata kuku anafungua. Kufunga ndiyo kazi."

Sekretari wetu aliitwa Madam Nyaboke, mama mpole kutoka Nyamira aliyepiga chapa bila kutazama vidole. Yeye ndiye aliyemshawishi mwalimu mkuu wanunue kompyuta badala ya taipureta nyingine. Mwalimu mkuu alikubali shingo upande, akamwambia mbele ya walimu, nasi tuliokuwa tukideki veranda tukasikia: "Sawa. Lakini hiyo mashine ikituangusha, Nyaboke, mtatoka kwa hiyo geti pamoja."

Basi muhula wa pili, wiki moja kabla ya mitihani, mashine ikagoma. Ukiiwasha inalia pii, pii, pii, halafu kimya, kioo cheusi. Fundi wa karibu alikuwa Nakuru. Madam, aliyekuwa amesikia kwamba mimi ni binti wa fundi, akatuma niitwe darasani, mbele ya wenzangu wote, nami nikatembea kwa mwendo wa daktari mkuu. Nikafungua. Ndani kulikuwa na vumbi, mende wawili waliokauka, na vitu ambavyo sikuwahi kuviona ndani ya redio yoyote. Sikujua hata kimoja. Nikapuliza, nikatikisa kichwa jinsi Baba anavyokitikisa chake mteja akiwa anatazama, nikabana kila kilichoonekana kulegea. Skurubu zote nilizinatisha kwenye ile sumaku ya Baba, niliyokuja nayo shuleni mfukoni, na ili nisichafue meza, nikaiweka juu ya boksi la disketi. Nilijisifu kimoyomoyo kwa unadhifu huo.

Nikawasha, ikaamka! Madam alinikumbatia, akanipa mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Kufikia jioni nilikuwa nimewaeleza wasichana wa mabweni mawili kwamba kompyuta ni redio tu iliyosoma.

Kesho yake aliniita tena, na safari hii hapakuwa na mkate. Mitihani yote, kidato cha kwanza hadi cha nne, kazi yake ya mwezi mzima, ilikuwa kwenye zile disketi, maana hakuiamini mashine kubaki na kitu chake. Kila disketi aliyoingiza haikusomeka.

"Chelang'at, ulifanyia hizi vitu nini?"

Mkono wangu uligusa sumaku mfukoni, nikakumbuka kaseti ya kwaya ya kanisa ambayo sumaku hiyohiyo iliwahi kuitia ububu, na fimbo niliyokula kwa Baba. Niliogopa mno. Lakini jioni iliyopita mvua ya mawe ilikuwa imechapa majani chai hadi yakabaki vijiti, na ngurumo zilitikisa mabati.

"Ni radi, Madam," nikasema. "Hiyo ya jana. Iliingia na waya ya stima."

Kwetu hakuna anayebishana na radi. Kila mtu ana ng'ombe wa jirani aliyeuawa na radi, wa kutolea mfano. Madam akaniamini, akanishukuru hata kwa kumweleza. Ningependelea anichape.

Mwalimu mkuu hakuwa na shida na radi, shida yake ilikuwa na Nyaboke. Ijumaa nikipita dirishani nilimwona Madam anakunja kile kitambaa chake, anakitia mkobani, machozi yanamtoka bila sauti. Miguu yangu ilinipeleka ofisi ya mwalimu mkuu kabla akili haijakubali. Nikaweka sumaku mezani, skurubu moja bado imenata.

"Si radi, Mwalimu. Ni mimi."

"Na radi?"

"Radi haikuwa na makosa."

Kwa adhabu nilichuma chai kwenye shamba la shule hadi muhula ukaisha, vidole vikawa vyeusi. Madam alibaki. Alipiga chapa upya kutoka makaratasi ya walimu, mitihani ikaahirishwa kwa wiki moja, na wasichana waliokuwa hawajasoma walinibariki kama mtakatifu. Yeye hakunisemesha.

Wiki tatu baadaye printa ilimeza karatasi ikakataa kuitema. Alinitumia mtu. Nilipofika mlangoni akainua mkono.

"Simama hapo. Toa kila kitu kwa mfuko."

Nikatoa penseli, bisibisi, na nusu ya biskuti. Akanipapasa mwenyewe, hadi kwenye soksi. Kisha akasogea kando ya kiti chake.

"Haya, ingia."

Leo nina duka mjini Kericho, na vyeti vinajaza ukuta, lakini hakuna kilichonifurahisha kama neno hilo. Vijana wangu wawili wana diploma. Hawapulizi, hawatikisi kichwa, mende wanawaogopa. Kazi ya mteja ikipotea wanasema, "Ni system, mum," naye mteja anaitikia na kuondoka, bila mtu wa kulaumu. Nawaonea wivu, kusema kweli, maana makosa yao hayana jina. Nawahurumia pia. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama mlangoni, mifuko imegeuzwa nje, akingoja mtu ambaye yeye mwenyewe alimkosea amwambie aingie.