Mvuvi Aliyesema "Pengine Ni Mie"

Mwaka jana, kwenye dispanseri ya mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, nilikuwa nangoja kumpima mtoto wangu uzito. Akaingia mama mmoja akimvuta mke wa mwanawe kwa mkono hadi kwa muuguzi.

"Muganga, angalia huyu. Miaka tatu, hapana mutoto! Kama ni tasa, leo anapanda mutumbwi anarudi kwao Kazimia."

Msichana aliinamisha kichwa. Muuguzi alimgeukia mume, mvuvi aliyesimama mlangoni.

"Na we, bwana, unavuta nini kule ziwani?"

"Bangi tu. Ya kufukuza baridi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mama mkwe akacheka. "Bangi na mutoto, wapi na wapi?"

"Inaweza kupunguza mbegu za mwanaume, mama, na zile zinabaki zinalegea. Aache kwanza miezi tatu ao ine. Kisha tutawapima wote wawili."

Mvuvi akatoa kifurushi mfukoni, akakiweka mezani, akamshika mkewe bega.

"Mama, muke wangu haendi popote. Pengine ni mie."

Nimesikia wanaume wakiapa kwa mengi. Maneno hayo, mbele ya benchi lililojaa wanawake, sikuwahi kuyasikia.

Juzi nimewakuta tena hapo hapo. Tumbo la msichana lilikuwa limetangulia, na mama mkwe alikuwa akitufukuza kwenye benchi: "Bamama, songeni! Mujukuu wangu anataka kuikala!"

Tulisonga tukipiga vigelegele. Mume alikosa nafasi, akabaki amesimama. Mie nilimwona mrefu kuliko wote.