Majani Mekundu Kabla ya Mvua

Uwanja wa nyumba ya mama mkubwa, hapa mtaani Msamala, hufagiliwa kila asubuhi mpaka ardhi inabaki tupu. Jani moja likionekana saa mbili, majirani watasema nyumba hii haina binti. Binti ni mimi. Nilipomaliza darasa la saba nilitoka kwetu Namtumbo kuja kumsaidia kuuza gengeni.

Katikati ya uwanja kuna kisiki cha myombo. Mti wenyewe ulikatwa kabla sijafika. Mimi miti hiyo niliijua kama kuni tu, maana baba analima tumbaku na bani la kukaushia tumbaku halishibi. Nimebeba miombo kichwani utoto wangu wote, na sikuwahi hata siku moja kuitazama.

Mwaka jana, jua la Septemba likiwa kali na vumbi limejaa hadi kwenye nyanya za genge, kisiki kile kilichipua. Majani yalitoka mekundu, laini kama sikio la mtoto mchanga. Mvua ilikuwa bado mbali, na sisi wenyewe tulikuwa tukipanga foleni bombani. Nilisimama na fagio mkononi nikajiuliza, huyu maji anayapata wapi? Tangu siku ile nikawa nafagia kwa kukizunguka, nikayaacha majani makavu yaliyokilalia mizizi.

Mama mkubwa aliliona duara lile.

"Hiki nini? Unafuga nyoka?"

Nikaendelea kufagia. Mimi ni mtu wa kunyamaza.

"Jumapili ni kipaimara cha mwanangu, mdogo wako. Wageni watakaa wapi, juu ya takataka? Jumamosi nakichoma."

Kwetu kisiki haking'olewi. Unakirundikia magunzi ya mahindi na makaa, kinafuka taratibu mpaka moto unaifuata mizizi chini kwa chini. Hakirudi tena.

Kwa mdomo nisingeweza kumjibu. Nikachukua kipande cha boksi la sabuni nikaandika. Naandika polepole, kila neno nalifikiria mara nyingi, kwa hiyo maneno machache yalinichukua jioni nzima: "Kisiki hiki ni kizima. Kinatoa majani mekundu bila kungoja mvua. Mchana nyuki mdogo huja kulala hapa. Gusa, usichume." Nikalifunga boksi kwenye kisiki kwa kamba.

Wanawake wanaotoka bombani hupita uwanjani kwetu. Muuza maandazi alitua ndoo, akasoma kwa sauti, akacheka.

"Jamani, bubu wetu kaongea! Na kisiki!"

"Muulize kama kinataka chai," mwenzake akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule muuza maandazi alikuwa ameshainama anagusa majani.

"Eh, laini haya! Sisi kwetu Tunduru gome lake ndiyo kamba yetu. Bibi alikuwa analitafuna kwanza lilainike."

"Uongo! Mtu atafune gome?"

"Wallahi tena!"

Wakabishana pale mpaka mmoja akakumbuka uyoga wa kwao, mwingine asali. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nasikiliza. Watu wale walikuwa wakipita pale kila siku bila kusimama.

Mama mkubwa alilichana boksi. "Unaniaibisha mtaani," alisema, akaenda kutafuta magunzi.

Jumamosi mchana alitoka jikoni na karai la makaa. Nikatangulia. Nikakaa juu ya kisiki, sketi nikaikusanya magotini ili isiyakandamize machipukizi.

"Ondoka."

"Sitoki, mama."

"Unasemaje?"

"Sitoki."

Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Muuza maandazi alisimama na ndoo yake kichwani.

"Mama, mchome pamoja nacho tujue moja!"

"Wewe nenda na maji yako!" mama mkubwa akamfokea. Kisha akanigeukia. "Makaa yanapoa."

"Yapoe."

Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi huyu. Alirudi jikoni, nikasikia anayamwaga kwenye jiko la maharage.

"Basi kesho ukae hapohapo wageni wakuone!" alipiga kelele kutoka ndani.

Nikakaa. Watu walikula pilau uwanjani, mimi nikiwa kwenye kigoda kando ya kisiki na gauni langu la kanisani. Mama mkubwa alikuwa akiwaambia wageni, "Huyo ni mlinzi, msimjali." Watoto walikuja mmoja mmoja kugusa majani. Aliyechuma nilimkaripia.

Sasa machipukizi yananifika kiunoni na yamegeuka kijani. Nimeandika boksi jingine, refu kidogo kuliko la kwanza. Mama mkubwa bado anasema atakichoma. Magunzi yamerundikwa jikoni. Na mimi nipo.