Kibati Nilichokiosha Kikamnyima Baba Mdogo Maji

Kosa ni langu na sitalipunguza. Nilimnyima baba yangu mdogo maji ya shamba kwa jambo ambalo hakulifanya. Mnaotaka kucheka chekeni, ila mnisikilize mpaka mwisho.

Nasoma shahada ya pili ya kemia. Kazi yangu ni kuchunguza molekuli zinazong'ang'ania juu ya metali. Unachukua kibati chenye utando wa fedha, ile ya pete, unakidondoshea maji, unakimulika kwa leza. Mwanga unaorudi unachora vilele kwenye kompyuta, na kila aina ya molekuli ina vilele vyake. Hata ikiwa kidogo mno, fedha inaishika na leza inaiona. Naipenda kazi hii na sioni haya kusema.

Kwetu ni milimani, Gonja. Tangawizi yetu inategemea ndiva, bwawa la kijiji ambalo maji yake hufunguliwa kwa zamu. Watu wakaanza kulalamika kwamba maji yananuka dawa ya wadudu. Mwenyekiti wa kamati ya maji akanipigia simu. "Mwanangu, si wewe ndiye msomi wetu? Tupimie." Nikayabeba maji kwenye chupa mpaka chuoni.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Kabla ya kupima chochote, kibati kitupu hupimwa kwanza, uone kama ni safi. Naijua sheria hiyo, hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza nawafundisha. Siku ile niliiruka. Kibati chenyewe nilikuwa nimekitumia kujifunza vilele vya dawa hiyohiyo, halafu nikakiosha. Nimelelewa katika nyumba ambayo chupa ya mafuta huoshwa ikawa ya maziwa, hakitupwi kitu kikiwa kizima. Lakini fedha haiachii kirahisi hivyo.

Na kuna baya zaidi. Niliwahi kumwona baba mdogo akipulizia dawa kabichi zake, pale juu ya ndiva. Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu. Vilele vilipotokea nikasema, si nilijua! Nikampigia mwenyekiti, nikamtaja kwa jina.

Wakamfutia zamu. Tangawizi yake ikakauka huku maji yakipita mferejini kandokando ya shamba lake.

Baadaye, katika kazi nyingine kabisa, nikadondoshea kibati kilekile maji safi ya maabara. Vilele vikasimama vilevile. Nikachukua kibati kipya, nikapima maji ya ndiva yaliyobaki. Hakuna dawa.

Msimamizi wangu akanishauri nimpigie mwenyekiti tu, yaishe kimyakimya. Mama naye akasema, "Usijianike, utachekwa Gonja nzima." Nikakataa. Kama nilimchafua mbele ya watu, nitamsafisha mbele ya watu.

Siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja, kijiji kizima kikiwa kinatoa tope ndivani, nilisimama ukingoni nikasema yote. Mwenyekiti akanikatiza, "Basi binti, tumeelewa." Sikunyamaza. Nikamgeukia baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo. Nimekukosea."

Hakuitikia. Aliviangalia viatu vyangu vya mjini, akanipa koleo lake. "Shuka utoe tope."

Nikashuka. Tulichokuta chini ni majani yaliyooza, na harufu ilikuwa hiyohiyo waliyoilalamikia. Zamu yake ilirudishwa, tangawizi haikurudi. Mpaka leo haitikii shikamoo yangu, nami namwamkia kila nikipanda nyumbani.

Wapo wanaosema niachane na leza, imenitia aibu. Siachi ng'o. Leza ilisema kweli kuhusu kibati. Jina la mtu niliongeza mimi.

Basi wewe unayepima chochote, anza na kibati kitupu. Na kama unamjua mkosaji kabla hujapima, mwachie mwingine apime.